Matanga ya Baridi

Texel, 9 Novemba

Kwa shemeji yangu Jorrit,

Salamu nyingi. U mzima huko bara? Unakula? Mimi mwili mzima, mengine unayajua.

Tangu tumzike kaka yako Auke hujaonekana. Hata kahawa ya maziko hukuinywa. Leo watu wa klabu ya mashua wameniletea tanga kuu la katamarani yenu, limeviringwa likiwa bado na maji ya bahari. Miaka kumi na tisa kila majira ya baridi mlikuwa mkiyatunza matanga ninyi wawili, na kazi yangu ilikuwa kuwapikia supu ya njegere na kukatazwa nisikanyage. Auke alilibembeleza tanga kuliko mkewe! Sasa limebaki kwangu na sijui nianzie wapi. Nielekeze, shemeji. Likiniozea mikononi nitakuwa nimempoteza mara mbili.

Shemeji yako,
Geertje

Texel, 1 Desemba

Shemeji Jorrit,

Hujambo? Salamu zangu za kwanza hukuzijibu. Kama unaumwa, sema. Kama umenichoka, sema pia.

Harufu imeanza. Nimefunua ncha nikaona ukungu, madoa meusi madogo madogo. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka jirani akaja kugonga dirisha. Tafadhali, niandikie hata mstari mmoja.

Shemeji yako,
Geertje

Deventer, 8 Desemba

Shemeji Geertje,

Natumai barua hii itakukuta salama. Mimi niko hivyo hivyo.

Legeza kwanza kamba za fito zote saba zinazolinyoosha tanga, kisha zichomoe na kuziandika namba. Ukizichanganya tanga litaharibika umbo. Lioshe kwa maji baridi ya bomba na sabuni kidogo. Usisugue. Madoa yakikataa kutoka, yaache. Litandike ndani likauke pande zote mbili, mbali na moto. Kisha liviringe kuanzia juu. Usilikunje kama shuka, maana kunjo zake hazitoki tena. Litundike panya wasipofika.

Si lazima ulifungue lote. Sehemu ya katikati iache kama ilivyo.

Shemeji yako,
Jorrit

Texel, 20 Desemba

Shemeji,

Habari za huko? Hapa barafu tupu.

Umeniambia likauke pande zote mbili, kisha ukaniambia katikati nisifungue. Hata mimi mpishi wa supu nimeona hayo hayapatani. Nimelifungua lote. Nilisogeza meza na viti, nikalitandaza kutoka jikoni hadi mlangoni.

Kati ya ufito wa tatu na wa nne pana mpasuko mrefu kama mkono wangu. Upepo haupasui hivyo. Umenyooka. Hicho ni kisu, Jorrit.

Ulituambia sote kwamba mlipinduka, na ulipomfikia alikuwa ameshakufa. Basi nani alikata, na kwa nini? Niko matangani na tanga lenyewe liko sebuleni kwangu. Sitaanua matanga haya mpaka unijibu.

Geertje

Deventer, 2 Februari

Shemeji Geertje,

Nimeichana barua hii mara nyingi. Sikuandikii salamu, nitakuwa mnafiki.

Mimi ndiye niliyekata. Tulipopinduka tanga lililala juu ya maji na Auke akabaki chini yake, ndoano ya mkanda wake wa kujishikizia chomboni imenasa kwenye kamba. Niliuona mkono wake ukisukuma kitambaa kutoka chini. Kisu nilikuwa nacho kiunoni. Nilikichomoa, Geertje, halafu nikakirudisha.

Unamjua alivyokuwa. “We Jorrit, vua viatu, hilo si zulia la mama! Kisu na tanga havikai chumba kimoja!” Miaka kumi na tisa nasikia hayo. Nikaogopa atanigombeza. Basi nikaogelea kando niliinue tanga kwa ukingo wake. Halikuinuka. Nikajaribu tena. Niliporudi na kukata, mkono ulikuwa umeacha kusukuma.

Nilihurumia kitambaa. Ndugu yangu yuko chini, nami nahurumia kitambaa! Silali, sili, kazi nimeacha. Niambie kweli, usinibembeleze: ningekata mara ile ile, angepona?

Jorrit

Texel, 5 Februari

Jorrit,

Sikuulizi hali, naiona.

Umetaka kweli. Daktari aliyempokea aliniambia siku ile ile kwamba dakika mbili tu mapema zingemwokoa. Nimekaa na dakika hizo mbili tangu Oktoba nikijiuliza zilikwenda wapi, na sikuthubutu kumuuliza mtu. Ndiyo maana nilikuandikia. Sasa najua.

Kwa hiyo ndiyo, angepona.

Juzi nilikuchukia. Jana nikakulilia. Leo sijui nina nini nawe, na neno la msamaha nikilitafuta silipati. Lakini kweli hii tunaijua wawili tu duniani, nami peke yangu siiwezi. Wewe pia huiwezi, huli wala hulali.

Usifanye jambo lolote baya. Ukiipata tu barua hii, panda feri ya kwanza ya asubuhi. Nitakuwa gatini nakusubiri, na usiposhuka nitaisubiri ya pili, na ya tatu, mpaka ushuke.

Mke wa kaka yako,
Geertje