Nikingoja 444 Ndipo Nipande

Jumatatu, 16 Machi 2026
Madaftari ya darasa la sita hadi mchana. Shamba limelimwa mara mbili, mbegu ziko chini ya kitanda. Mvua bado. Baba Ivy amepiga simu kutoka kazini Bungoma: "Utaamua wewe lini upande." Naogopa. Mwaka jana niliamua tupande kabla ya mvua. Ikanyesha siku moja, mahindi yakachipua, jua likayamaliza. Mama mkwe aliyasikia yote.

Jumatano, 18 Machi
Nekesa, mwalimu mwenzangu, amenionyesha namba za malaika kwenye simu yake. Ati 444 maana yake malaika wako pamoja nawe, songa mbele. Nimecheka. Mimi mwalimu wa hesabu! Nikienda nyumbani, pikipiki imenipita. Namba yake 444.

Ijumaa, 20 Machi
Tena. Nimejumlisha alama za watoto wa meza ya kwanza darasani: 444. Nikarudia kujumlisha. Ni hiyo hiyo.
Nimeamua. Nitapanda tarehe nne, mwezi wa nne. Nne ya tatu nimeitafuta nikaipata: nyumbani tuko wanne. Sasa mtu asiniulize.

Jumatatu, 23 Machi
Mvua. Tangu jana mchana, mvua ya kweli. Jirani yangu Chebet yuko shambani na vibarua na kamba ya kunyooshea mistari. Ameniita juu ya ua: "Mwalimu, unangoja nini?" Nikasema mbolea haijafika. Mbolea imejaa stoo.

Alhamisi, 26 Machi
Inanyesha kila alasiri. Siwezi kutulia. Nafungua simu kila mara kutazama saa, si kwa sababu ya saa. Natafuta 4:44.
Mama mkwe amepiga kutoka Bokoli. "Mahindi umepanda?" Nimesema ndiyo. Limetoka tu mdomoni.

Jumapili, 29 Machi
Wimbo wa kwanza kanisani, namba 144. Nimekikasirikia kitabu cha nyimbo. Mahubiri sikuyasikia.

Jumatano, 1 Aprili
Ya Chebet yameota. Mistari imenyooka, kijani. Langu tupu, magugu tu.
Mama mkwe anakuja Ijumaa, tule Pasaka pamoja. "Nione mahindi." Shamba aliachiwa na marehemu mzee, sisi tunalitumia tu. Akisema tuliache, tutaliacha. Nipande kesho? Naogopa kuiruka namba. Na yeye namwogopa. Najichukia.

Ijumaa, 3 Aprili
Sikupanda.
Amefika saa tano, akaenda moja kwa moja shambani, mkoba bado mkononi. Akasimama. Nikamweleza yote, pikipiki, alama za watoto, tarehe nne. Nilipojisikia nikiyasema nilitamani ardhi inimeze. Nilijua atampigia mwanawe.
Hakumpigia. Ametazama ya Chebet, akatazama langu. "Leta kamba."
Nikasema leo ni Ijumaa Kuu, mama.
"Mungu anajua mahindi. Leta kamba."
Nekesa ameniandikia, ati kesho ndiyo siku yangu. Sijamjibu. Tumepanda hadi mvua ikatufukuza. Yeye mbele akichimba, mimi nyuma na mbegu.

Jumamosi, 4 Aprili
Tumemaliza kipande kilichobaki kabla ya chakula. Mgongo unauma. Yamechelewa, tutavuna kidogo kuliko majirani, na hilo ni kosa langu.
Tumekaa jikoni na chai. Nikamwomba msamaha kwa ule uongo wa simu.
"Mama Ivy, mimi nimepanda hilo shamba miaka thelathini," akasema. "Na niko na simu. Miaka tisa umeolewa kwetu, hujawahi kuniuliza kitu."
Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia. Miaka hii yote niliogopa nikimuuliza ataniona mjinga.
Nikamuuliza tutapalilia lini. Akavuta kiti karibu, akaanza kunieleza, na chai ikapoa.