Watoto Walioitikia Moto

Mjukuu wangu Minza,

Mwangaluka, nakusalimu kutoka Somanda. Mguu wa babu yako umepona, na pamba tumemaliza kupalilia.

Umeniuliza kama afisa ustawi wa jamii anakuonea kwa kukunyima leseni ya kituo chako cha watoto, eti watoto hawajazoezwa kutoka nje moto ukizuka, wakati vifaa vya kuzimia moto umeshanunua. Sijui, mama. Ila nilipokuwa msichana nilipika uji kwenye kituo cha watoto hapahapa. Afisa alipokuja kukagua alikuta milango miwili, ndoo za mchanga, kila kitu. Mwalimu akatabasamu. Basi yule afisa akasimama mbele ya watoto, akapaza sauti: "Moto!"

Watoto wakakunja mikono, wakaitikia kwa pamoja: "Motooo!"

Akasema, "Moto, tokeni nje!"

"Moto, tokeni njeee!"

Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wanatutazama, wanasubiri tuwapigie makofi kama tulivyowazoeza.

Mpaka leo nikipita shuleni nikasikia watoto wanavyoitikia vizuri, macho yangu yanatafuta mlango.

Hao wa kwako, Minza, umewahi kuwaambia "moto" ukaona wanafanya nini?

Ni mimi bibi yako,
Ngollo