Kwa Mzee Johnstone Mburu, Uliyezima Mashine ili Gunzi Warekodi

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipoketi kwenye benchi la mashine kuvaa viatu vya kazi na usiinuke tena.

Watu wa mtaa wetu wa Langas bado wanasema wanaenda kusaga kwa Mburu. Mwanao Muigai alipaka kibao kipya chenye jina lake mlangoni, rangi nzuri kabisa, lakini hakuna anayekisoma. Mwanzoni hilo lilimuuma. Siku hizi anasema ni heri liwe hivyo.

Tunakukumbuka ukiwa na unga kwenye nyusi hata kanisani. Tukikuambia ujipanguse, ulijibu kwamba mwenye mashine akionekana msafi mno, wateja wataanza kuuliza unga wao unasagwa na nani. Mwanamke akija na mtoto mgongoni, ulisogeza debe lake mbele ya laini ya wanaosubiri. Mwanamume akinung'unika, ulimwuliza kama naye angependa kubebwa mgongoni. Hakuna aliyenung'unika mara ya pili.

Kifungua mimba wako ulimpa jina la baba yako, kama ilivyo desturi yetu, na kwa sababu hiyo hukumwita Muigai hata siku moja. Ulimwita Baba. Ukimtuma dukani, ni "Baba, niletee majani ya chai." Ukimkemea, ni "Baba, hapo umenikosea." Wageni walicheka kuona mzee mzima anamwita mtoto baba, na wewe ulicheka nao, lakini jina lenyewe hukulifanyia mzaha. Tunaomba hilo likumbukwe, maana tutalirudia.

Alipoanzisha bendi ya roki hukumkataza. Walikuwa watatu: Muigai kwenye gitaa na sauti, Lenny Lusweti kwenye ngoma, na Linah Nanzala kwenye gitaa la besi. Walijiita Gunzi. Ulifikiri kidogo, ukamwuliza, "Sasa Baba, kama nyinyi ni gunzi, mahindi yenyewe mmepeleka wapi?"

Walipotaka kurekodi albamu, waliazimwa sebule ya nyumba moja kubwa kule Elgon View. Ilikuwa na vigae sakafuni na madirisha mapana, na ngoma za Lenny zikasikika kama sufuria zinazoanguka. Walirudi wamenuna wote watatu. Uliomba usikie. Ukabandika simu sikioni, ukasikiliza wimbo mzima, kisha ukawapeleka kwenye stoo ya mahindi iliyo nyuma ya mashine.

"Mimi nikiwa hapa nikiita mama yenu, hasikii, na ako tu hapo nje," ukawaambia. "Miaka yote nilidhani ananipuuza. Kumbe ni hii magunia inakula sauti."

Lenny alipiga kofi moja, akatega sikio. Kofi halikurudi.

"Mzee," akasema, "hii ndiyo studio."

Magunia yale uliyapanga kwa mikono yako. Lenny akisema ngoma imekuwa nzito, unatoa gunia. Akisema imelia sana, unalirudisha. Mgongo ulikusumbua wiki nzima, Mama akakukanda na kukugombeza kwa pamoja, na keshoye ukaenda tena kupanga.

Tatizo likabaki mashine. Ikinguruma, sakafu ya stoo ilitetemeka na kila kitu kikatetemeka nayo. Na ulikuwa msimu wa mavuno, laini ya madebe imefika barabarani. Ukaanza kuizima. Wimbo ukiwa tayari kurekodiwa, ulitoka nje ukawaambia wateja wako, "Vijana wanarekodi. Acheni madebe kwa laini, mkae hapo, na tafadhali mtu asikohoe." Na kweli walikaa. Sio wengi waliouelewa muziki huo. Mmoja alisema ni kama mabati yanang'olewa na upepo. Lakini walinyamaza. Mama Adero, anayeuza samaki sokoni, akiona mtoto anataka kulia alimchukua kutoka kwa mamake akaenda naye mpaka barabarani, amwimbie huko.

Wewe ulisimama kwenye mlango wa stoo, mkono kwenye swichi. Mashine ikishuka pole pole mpaka ikazimika kabisa, ulisema, "Haya Baba, anzeni."

Maneno hayo yalinaswa. Yalikuwa mwanzoni kabisa mwa wimbo wa kwanza, baada ya sauti ya mashine kuzimika. Lenny alitaka yaachwe. Muigai aliyakata. "Inakaa kama kwaya ya shule," alisema. Akaiacha sauti ya mashine kwa sababu aliipenda, ila ya kwako akaitoa. Hukuambiwa, nawe hukuuliza.

Albamu ikatoka, ikaitwa Debe la Mwisho, na ikapokewa vizuri kuliko walivyotarajia. Vijana wa chuo waliicheza. Mtu mmoja wa Nairobi anayeandika habari za muziki mtandaoni aliisifu sana. Alisema ule mngurumo unaofungua wimbo wa kwanza ni gitaa linalokata roho, na kwamba huu ni muziki wa vijana waliokatazwa kila kitu nyumbani kwao, ndiyo maana una hasira. Muigai aliisoma makala hiyo mpaka akaijua kwa moyo. Ilikuwa rahisi kumwandikia kwamba lile si gitaa, ni mashine ya kusaga unga, na kwamba hakuna aliyewakataza. Hakuandika. Yule kijana wa kwenye makala alikuwa anapendeza kuliko yeye.

Ndipo wakaitwa redioni hapa mjini. Mtangazaji akauliza wazazi walisema nini kuhusu roki. Linah alikuwa ameshafungua mdomo. Muigai akamtangulia.

"Kwetu hakukuwa na muziki," akasema. "Mzee wangu alikuwa anasema gitaa ni ya watu wavivu. Hii albamu tulirekodi tukijificha."

Wakiwa kwenye ngazi za kutokea, Linah alimwuliza, "Mbona umesema hivyo?"

"Ni stori tu. Watu wanapenda stori."

"Na Mzee?"

"Saa hii mashine inanguruma. Hawezi kuwa amesikia."

Binti yako Ciru naye alisikia, akiwa kazini kwenye duka la dawa. Alijua ni uongo. Alicheka, akawaambia wenzake kwamba kaka yake ni msanii na wasanii ndivyo walivyo. Hilo nalo liwekwe hapa, Muigai asilibebe peke yake.

Jioni hiyo ulikuja nyumbani, ukaoga, ukala. Muigai alikuwa anakuchungulia usoni kila ulipoinua kikombe.

"Baba," ukamwuliza, "huko redio walikupea chai?"

"Walitupea."

"Na mandazi?"

"Na mandazi pia."

Ukasema ni vizuri. Ukalala. Na tangu siku hiyo uliendelea kumwita Baba, kwa sauti ile ile, na yeye akashika hilo kama ushahidi kwamba hukusikia lolote. Alijiambia kwamba siku moja atakueleza, mcheke pamoja. Alikuwa bado anaitafuta siku hiyo ulipoketi kwenye lile benchi.

Baada ya mazishi Muigai aliishika mashine, kwani Mama hangeweza na Ciru ana kazi. Hakuifanya vibaya. Ungemkosoa jinsi anavyofunga mikanda, lakini unga unatoka laini. Mavuno yalipofika, Mama Adero alileta debe lake, akamtazama tazama, akamwuliza, "Hebu niambie, wewe ndio ulikuwa redio ama ni yule mwingine?"

"Mwingine gani, Mama?"

Ndipo tukajua ukweli, Baba. Siku ile mashine haikuwa inanguruma. Uliizima. Uliwatangazia wateja wako wote kwamba kijana yuko redioni, wale wale waliojizuia kukohoa ili albamu ipatikane. Uliiweka redio dirishani ukapandisha sauti mpaka mwisho. Walikaa pale pale walipokaa siku za kurekodi, wengine wameleta majirani. Wakasikia kwamba wewe ulikuwa mtu wa kukataza. Wakasikia kwamba stoo yako ilikuwa maficho.

Mama Adero anasema watu waliangalia chini. Kisha mmoja akauliza, pole pole, "Mzee, huyo si kijana yako?"

Nawe ukajibu, "Hapana. Huyo si Baba wangu. Huyo ni Muigai mwingine."

Ukawasha mashine.

"Sauti yako sisi wote tunaijua," Mama Adero alimwambia Muigai. "Lakini Mzee akisema ni mwingine, ni mwingine. Tulinyamaza, vile tulinyamaza mkirekodi."

Muigai alimsagia unga wake, akamshika mkono, akaingia stoo. Magunia bado yako vile ulivyoyapanga, hajathubutu kuyagusa. Alilia huko ndani na hakuna aliyemsikia, kwa jinsi ile ile uliyowaeleza. Alituambia baadaye kwamba angependa ungemchapa mbele ya watu wote. Angependa ungeita jina lake kwa hasira, hata mara moja, jina kamili. Uongo wake uliufunika kwa uongo wako, wewe ambaye hukuwa na mazoea ya kudanganya, na ukaenda nao kaburini ili yeye asiaibike. Hajui afanye nini na fadhili ya namna hiyo. Nasi hatujui.

Alitafuta yale maneno, "Haya Baba, anzeni." Alipekua kompyuta ya Lenny, ya Linah, na yake. Hayapo. Walipokuwa wanatafuta nafasi ya nyimbo mpya walifuta mabaki yote, na sauti yako ilikuwa miongoni mwa mabaki. Iliyobaki ni ya mashine ikizimika, na baada yake nafasi fupi ambapo ulikuwa unazungumza.

Jumamosi iliyopita, laini ikiwa imefika barabarani, Muigai alizima mashine. Lenny na Linah walikuja wakasimama naye. Akawaambia watu kwamba yule wa redioni alikuwa yeye, kwamba alidanganya, na kwamba asingekuwa Mzee Mburu kusingekuwa na albamu. Alizungumza vibaya, akijikwaa kila neno, yeye aliyezoea kipaza sauti kama mpishi alivyozoea mwiko.

Halafu Mama Adero akasema, "Tunajua, Baba. Sasa washa, tukapike."

Ni yeye aliyemwita Baba, na Muigai alishindwa kushika swichi. Lenny ndiye aliyewasha. Jioni Muigai akaja kwa Ciru, akasema haya yote yaandikwe na yatolewe gazetini, kwa kuwa aliwaambia watu wote waliokuwa kwenye laini isipokuwa wewe.

Unakumbukwa na mjane wako Njambi, ambaye hakukupuuza hata siku moja ulipomwita kutoka stoo, ila hakusikia. Ndugu yako Wanjohi wa Soy. Binti yako Ciru. Mjukuu wako Nyakio. Lenny na Linah, uliowalisha kama wa kwako. Mama Adero na wateja wote wa kwa Mburu.

Na Muigai, kifungua mimba wako, mpiga gitaa wa Gunzi, aliyebeba jina la baba yako. Ndiye huyu. Hakukuwa na mwingine.

Daima uko nasi, Baba, mashine ikinguruma na mashine ikinyamaza.