Mistari Waliyoiruka

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wenzako unaoishi nao. Natumaini u mzima, unakula chakula cha kueleweka, na kile kikohozi cha vumbi kimekuacha. Mimi ni mzima. Mama hajambo, ni goti tu linalomsumbua akipanda ngazi. Anakusalimu na kukuuliza kama blanketi alilokutumia linatosha, au ulishamgawia mtu kama kawaida yako.

Baada ya salamu, niwie radhi, kwa sababu barua hii si ya upole. Nimejaribu kuianza kwa upole nikachana karatasi. Nina hasira, mdogo wangu, na si juu yako. Simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Mtu aliyefukuzwa kwao kama mwizi wa kuku ana haki ya kutotaka kusikia sauti za watu wa nyumba hiyo. Lakini habari hii ni yako kuliko ya mtu mwingine yeyote, na nataka uipate yote, tangu mwanzo.

Ulipoondoka, Shemeji alinitafutia kazi pale kwenye kampuni yao. Unamjua mume wa Dada Mkubwa anavyopenda kusaidia watu mbele ya watu. Ofisi yao iko juu ya duka la vigae, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, na yeye ndiye mkuu wa kitengo cha data, ana chumba chake cha vioo. Nilifurahi sana. Nilimpikia Dada, nikammwagia Shemeji shukrani mpaka akaona haya.

Kazi yenyewe ni hii. Kila simu au kompyuta inapoingia mtandaoni hupewa anwani ya tarakimu, ile wanayoiita anwani ya IP. Anwani hizo hugawiwa kwa mafungu, fungu hili la mji huu, fungu lile la nchi ile. Kampuni hununua orodha ya mafungu hayo, nayo huja kama mafaili ya CSV, maandishi matupu yasiyo na urembo wowote. Kila mstari una fungu linapoanzia, linapoishia, jina la mahali, mkoa na nchi, na kati ya kitu na kitu kuna mkato. Kazi yetu ni kuyaingiza mafaili hayo kwenye hifadhidata, kila kitu kwenye safu yake, ili mteja akiuliza mtu fulani ameingia kutoka wapi, ajibiwe papo hapo. Mabenki huuliza. Maduka ya mtandaoni huuliza. Na Bodi ya mitihani ya mafundi maabara, mdogo wangu, ile ile iliyokufutia mtihani, nayo huuliza. Hilo sikulijua nilipoajiriwa. Nililijua nilipoona jina lao kwenye orodha ya wateja.

Yalipokuja mafaili mapya, nikapewa niyaingize. Niliikuta programu waliyokuwa wakiitumia miaka yote, nikaiwasha, ikamaliza haraka na kuandika kwamba kila kitu kimekwenda salama. Mimi unanijua, nikiambiwa mambo ni salama ndipo ninapoanza kuhesabu. Nikahesabu mistari ya kwenye faili, nikahesabu iliyoingia kwenye jedwali. Hesabu hazikulingana. Nikaifungua programu niione ndani. Mtu alikuwa ameiamuru kwamba mstari wowote ukikataliwa na hifadhidata, iuruke na kuendelea kimya kimya. Isiandike popote, isimwambie mtu.

Nikaitafuta mistari iliyorukwa. Karibu yote ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kuna mahali ambapo jina lenyewe lina mkato ndani yake. Ule mtaa mliopanga chumba wewe na wenzako karibu na chuo, unakumbuka unavyoandikwa? Jina, mkato, kisha neno Kaskazini, ili usichanganywe na mwenzake wa Kusini. Kwenye faili jina hilo limefungwa vizuri ndani ya alama za kunukuu, kama inavyotakiwa. Lakini programu yao haikujua alama za kunukuu ni mnyama gani. Kila ilipoona mkato ilikata. Basi neno Kaskazini likaenda kukaa kwenye safu ya mkoa, mkoa ukasukumwa kwenye safu ya nchi, hifadhidata ikakataa, programu ikaruka. Mtaa wenu mzima haukuwamo.

Ungekuwa haumo tu, pengine yangekuwa madogo. Lakini programu ilipoulizwa anwani fulani ni ya wapi, ilitafuta fungu lililoanza nyuma yake, lililo karibu zaidi, ikalikubali bila kutazama fungu hilo linaishia wapi. Fungu la mtaa wenu lilipokosekana, anwani zenu zikahesabiwa za fungu lililotangulia. Na fungu hilo ni la kampuni ya simu ya ng'ambo, nchi ambayo wewe hujawahi hata kuiota.

Hapo nikaikumbuka hukumu yenu. Bodi ilisema nywila yako ilitumiwa na mtu aliye ng'ambo, kwamba wewe na wenzako mmekodi watu wa kuwafanyia mtihani, kwamba ninyi ni genge. Genge! Watoto mliokuwa mkigawana sufuria moja! Kumbe mlikuwa mmekaa chumbani kwenu, kila mtu na kompyuta yake mapajani, mnafanya mtihani wenu kihalali, na mkato mmoja ukawahamisha nchi.

Nilikwenda kwa Shemeji mbio, karibu nivunje kioo cha mlango. Furaha ilikuwa imechanganyika na machozi. Nilimwambia kijana wetu ni safi, nimeona kosa, naweza kulionyesha kwa mtu yeyote. Alinisikiliza huku akipanga kalamu zake. Kisha akaniambia nifunge mlango, nirekebishe programu, nipongezwe kwa kazi nzuri, na yaliyopita tuyaache yaliko, kwa maana tukiwaambia wateja kwamba majibu yetu ya nyuma yalikuwa na kasoro, kampuni itafungwa na sote tutamwaga unga. Kijana atafanya mtihani mwingine siku moja, alisema, adhabu ya Bodi si ya milele.

Nilitoka mle kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Nilidhani ni woga tu. Nilidhani naye ndiyo kwanza amesikia, ameshtuka, atatulia, undugu wetu utamkumbusha. Nikaenda kwenye meza ya huduma kwa wateja, kwa yule mama tunayemwita Mama Malalamiko kwa sababu ndiyo kazi yake, kuyapokea. Nikamuuliza kama aliwahi kusikia lolote kuhusu mtaa ule. Alinitazama kama naigiza. Akaniambia watu wa mtaa ule walimpigia simu tangu zamani, duka la mtandaoni linawakataa, benki inawafungia, wote wanaambiwa wako ng'ambo. Alimpelekea Shemeji malalamiko hayo, akaenda naye mpaka mezani kwa fundi wa wakati ule, na fundi akaeleza kila kitu, mkato na yote. Shemeji akasema litashughulikiwa. Nikamuuliza Mama Malalamiko, hiyo ilikuwa lini. Akasema anakumbuka vizuri, ni kabla ya majibu ya mitihani yenu kutoka, kwa sababu yeye mwenyewe alijiuliza kama na watahiniwa wa mtaa ule hawataponzwa, na akamuuliza Shemeji hivyo hivyo.

Soma tena hapo, mdogo wangu. Kabla.

Sasa irudishe akili yako sebuleni kwetu siku ile. Baba amesimama na tangazo la Bodi mkononi, wewe umeegemea ukuta, Mama analia jikoni. Nani alikuwa kwenye kochi? Baba alimgeukia yeye, si ndiye mtaalamu wa familia, akamuuliza kama mashine inaweza kukosea. Maneno yake ninayo masikioni mpaka leo. Alisema, "Mzee, mashine haina chuki na mtu." Kisha Baba akakwambia uliyoambiwa, nawe ukabeba begi. Na yule bwana akaomba aongezewe wali. Aliongezewa! Mimi ndiye niliyempakulia!

Sikumrudia ofisini. Niliandika maelezo yote nikayapeleka Bodi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikakaa pale mapokezi mpaka akatoka mtu wa kunisikiliza. Nikamwonyesha mstari wa faili, nikamwonyesha jedwali, nikamfanyia jaribio mbele ya macho yake. Alikuwa mtu mzima mwenye uso wa kuchoka. Akavua miwani, akaniuliza wako wangapi. Nikamwambia ahesabu yeye, kwani yeye ndiye aliyewafuta.

Jumapili nikaenda nyumbani, nikangoja mpaka wamekaa wote, Shemeji akiwemo, nikayamwaga. Sikumpaka mtu mafuta. Shemeji alisema lile lilikuwa suala la kiufundi, watu wasio wa fani hawawezi kulielewa. Nikamwambia, "Haya, waeleze kwa lugha wanayoielewa. Ulijua au hukujua?" Akaanza kuzunguka, mara mikataba, mara mkurugenzi, mara siri za wateja. Mama, ambaye hujawahi kumsikia akimkatiza mkwe wake, akamwambia, "Mkwe wangu, umeulizwa ulijua au hukujua." Akasema alijua, lakini hakuwa na uhakika.  Baba alisimama, akazima feni, sijui kwa nini, akaketi tena kwenye joto lile.

Dada Mkubwa hasemi nami. Alinifuata mpaka getini akaniambia nimemwaga sahani ya watoto wake, na kwamba mambo ya familia yalikuwa na njia ya kusemwa. Nilimuuliza njia ipi, ile ya kukupitisha wewe mlangoni na begi? Tukatukanana, watu wazima sisi, majirani wakichungulia. Moyo unaniuma kwa ajili yake, sikufichi. Lakini nikimwona leo nitasema yale yale.

Kazini nimefukuzwa, bila shaka, kwa kosa la kutoa siri. Usinisikitikie hata kidogo. Bodi imefuta adhabu yenu nyote wa mtaa ule, na karatasi mlizozifanya zitasahihishwa kama za watu wengine. Ukishinda umeshinda, ukianguka umeanguka kwa jasho lako mwenyewe.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo nililolichelewesha makusudi. Utakuwa umeshangaa kumwona aliyekuletea barua hii. Alikuja kwangu asubuhi, amevaa lile koti lake la misibani, akaniomba nikuandikie kwamba anakuomba msamaha. Nilimkatalia. Nilimwambia Baba, kwa heshima zote, matusi aliyatoa kwa kinywa chake, sikumwandikia mimi. Akaniuliza basi afanye nini. Nikamwambia abebe barua hii akupe mkononi, na asifungue mdomo mpaka umalize kusoma, ili ujue kwanza kwamba ulikuwa na haki kabla mtu hajakuomba chochote. Alikubali. Hajui nimeandika nini, na hakuuliza.

Kwa hiyo yupo mbele yako, nadhani bado amesimama. Simwombei. Ukitaka, mpe kiti. Ukitaka, mwache asimame. Wasalimie wenzako mnaokaa nao, na Mama anasema ule kwanza kabla ya kuamua lolote.

Ni mimi, dada yako wa kati, anayekupenda na ambaye hasira yake haijapoa.