Kilo Sita za Fundi

Jumatatu, 3 Februari
Figo yangu inafaa! Vipimo vyote vimekubali kwamba naweza kumpa mdogo wangu. Kisha daktari akanipandisha kwenye mizani, akakunja uso. Nipunguze kilo sita kwanza, la sivyo hanipasui. Kanipa miezi miwili. Kauliza nakula nini. Nikamwambia mimi ni mpishi wa kantini ya kiwanda, nakula ninachopika. Hakucheka.
Mdogo wangu alikuwa nje kwenye benchi, katoka kusafishwa damu, uso wa kijivu. Mtaa mzima unamwita Fundi, kwa cherehani yake. Kusikia habari ya kilo, akasema basi, tuachane nayo. Nikamwambia anyamaze.

Alhamisi, 6 Februari
Wiki hii nimewachunguza wafanyakazi wa kiwandani. Siku ya mchuzi mmoja, wanaacha wali kwenye sahani. Siku ya michuzi minne, wanarudi mara ya pili, halafu wanalalamika wamevimbiwa. Nami ni hivyo hivyo. Nikishiba maharage nimeshiba kweli – lakini iletwe keki, nafasi inapatikana!
Basi nimeamua. Maharage, mboga za majani, wali kiganja kimoja, chungwa. Hayo hayo kila siku. Daktari kasema kwa muda mfupi hayana ubaya. Kuonja nimemwachia msaidizi wangu, ingawa mkono wake wa chumvi unatisha.

Jumapili, 16 Februari
Maharage. Sitaki hata kuyaandika.

Jumapili, 2 Machi
Gauni la kazi linanipwaya! Nimempelekea Fundi alipunguze. Kapitisha tepu kiunoni, kasita, kapima tena. "Dada, unakwisha." Nikamwambia ndiyo kazi yenyewe hiyo. Akashona kimya. Si kawaida yake, huyu hushona huku akiwasema watu wa mtaa mzima.

Jumanne, 4 Machi
Fundi kaleta karanga za kukaanga. Eti pole kwa maharage. Ana huruma, maskini. Nimekula chache. Haya, nusu bakuli.

Jumamosi, 8 Machi
Juzi viazi vya kukaanga. Jana maziwa ya mgando na asali. Leo keki ya ndizi. Hajarudia kitu hata siku moja, na ndiyo maana kinywa changu hakikinai! Vyote hivyo yeye mwenyewe kakatazwa. Nimepanda mizani ya magunia pale kantini: kilo moja imerudi. Nimemsema sana. Akajibu kwani ni kosa kumfurahisha dada yake?

Jumatano, 19 Machi
Mlango nimeufunga. Akigonga, binti yangu anapokea bakuli na kulipeleka kwa majirani. Majirani wananipenda sana siku hizi. Mizani inashuka tena.

Alhamisi, 3 Aprili
Kesho asubuhi ni mizani ya daktari. Nimefika, lakini kwa chupuchupu. Nikila vibaya usiku huu, nimeharibu.
Binti yangu yuko kwa shangazi yake, kwa hiyo nimefungua mlango mwenyewe. Fundi, miguu imevimba, kikapu mkononi. Kapanga mabakuli yenye vifuniko mezani, akayataja. Kuku wa kuchoma, samaki, mayai, nyama ya mchuzi, maandazi. Akasema, "Kula, dada."
Nikamwangalia. Nikamuuliza waziwazi: hutaki nikupe?
Akageuza uso ukutani. Akasema nimemlea tangu mama afe, nimemlipia hadi akajua kushona, sasa anichukue na figo? Nikifa kwenye meza ya upasuaji, yeye atamwambia binti yangu nini? "Mimi kukukatalia siwezi, dada. Daktari akikukataa yeye, basi."
Nimelia. Kisha hasira zikanipanda, nikamuuliza, na yeye akifa, wanawe nitawaambia nini mimi? Akavuta kiti, akaniwekea kijiko.
Nimekuja jikoni, nimekaa juu ya ndoo, naandika. Maharage yangu yamepashwa moto na siyataki. Nampenda mno huyu mtoto, na leo ningemchapa. Kule mezani anafunua mabakuli moja moja, harufu zinaingia huku zote kwa pamoja. Nina njaa.
Anaita tena. "Dada, njoo basi. Kijiko kimoja tu cha kila kimoja."
Sijatoka bado.