Bahasha Mbili Mkononi Mwako

Dada Zawadi,

Wengine wanawaandikia marehemu wao kwa machozi. Mimi nakuandikia nikiwa bado na hasira kidogo, na wewe unanijua, usishangae. Juzi nilipita kule Walikale, nikaingia kantini ya kambi ya askari, nikaagiza chipsi na mishikaki kama mteja mwenye heshima zake. Mama aliyekuwa anakaanga akanikazia macho. "Weye haiko mudogo ya ule mama ya bomba ya moshi?" Nikamwambia ndiyo, njo mimi. Akaita wenzake wote waje kuniona, na wakati wanakusifu mishikaki yangu ikaungua. Nimekula makaa kwa sababu yako.

Hapa Kalembe hakuna aliyewahi kuona mwanamke anapanda juu ya nyumba kupigilia mabati, mpaka ulipopanda wewe. Papa, baba yetu, alikufundisha ufundi kwa sababu ulikuwa mkubwa, na kwa sababu kaka yetu Janvier hakuwa na subira ya kungoja ukuta ukauke. Janvier akaenda kwenye machimbo, na shimo likamwangukia. Tangu siku ile ulikuwa na neno moja tu: mtu wa kwako hatashuka tena chini ya udongo.

Ukakusanya vijana na baba za watu, wakulima wa maharagwe na muhogo kama sisi, ukawafanya waashi. Lakini mwaka ule tulikimbia vita maharagwe yakiwa shambani, na tuliporudi tukakuta mashamba yameliwa. Nikaanza kusikia waashi wako wakiulizana habari za machimbo huku wanachanganya simenti. Na wewe ulisikia. Ulikuwa unapiga nyundo kwa nguvu zaidi ili usisikie, lakini ulisikia.

Njo wakati serikali ilitangaza zabuni ya kukarabati kantini ile, pale askari wanaponunua chipsi, sambusa na nyama ya kuchoma harakaharaka kabla ya zamu. Siku ya kutembelea mahali pa kazi, wajenzi wengine walikuja na mita zao, wakapima kuta, wakaenda. Wewe ulikaa ukaagiza chakula. Ukaona askari wamepanga foleni kwenye mvua. Ukaingia jikoni, ukawakuta wamama macho mekundu, machozi yanadondoka karibu na mafuta.

Mimi njo niliyekuwa naandika makaratasi ya kampuni, na tuligombana siku nzima. Nilikuambia, "Serikali imeomba rangi, milango na simenti ya chini. Haikuomba bomba ya moshi. Haikuomba paa ya foleni. Bei yetu itapanda, tutashindwa!"

Ukanijibu bila kuniangalia, "Banaomba tutengeneze jikoni. Jikoni yenye kuliza bamama bado haiyatengenezwa. Andika."

Nikaandika. Nilikuwa napiga kalamu kwenye meza kama ninayeua mende, lakini niliandika.

Bahasha zilitakiwa zifike mezani kule kambini kabla ya saa sita mchana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na sisi tulipanda moto, ile pikipiki yetu, wewe mbele, mimi nyuma nimekushika kiuno na kumuomba Mungu. Kwenye ule mteremko mbaya tukakuta jeep imezama mpaka milangoni. Ya nani? Ya Papa Maheshe, mjenzi mkubwa, mpinzani wetu wa kweli kwenye ile kazi. Haki ya Mungu, nilifurahi. Nilifurahi mpaka meno yakaonekana.

Lakini kwenye barabara yetu gari likikwama hakuna anayepita. Unashuka, unavua viatu, unasukuma. Ukipita, siku utakayokwama wewe watu watakutazama tu kama wanatazama mpira. Tukashuka, tukasukuma na dereva wake mpaka matope yakatuingia masikioni. Jeep haikusogea hata kidogo. Nikasema basi, tumefanya ya kwetu, twende. Wewe ukapangusa mkono kwenye kitenge ukamnyooshea.

"Papa Maheshe, leta bahasha yako."

"Ya nini?"

"Nikupelekee. Moto itapita, jeep haitapita."

Mzee akakuangalia kana kwamba umelewa. "Zawadi, unajua tuko tunagombania kazi moja?"

"Najua, Papa. Nataka nikushinde ukiwa mule ndani na bengine, haiko ukiwa mu matope."

Nilikuvuta kando nikakusemesha kwa Kihunde, lugha ya kwetu, asielewe, maneno ambayo Mama angenichapa kwa kuyasema. Nikakuuliza: na wale waashi? Tukikosa kazi hii, watashuka shimoni, na wewe njo utakuwa umewasukuma! Ukasema, "Kazi ya kupewa na matope siitaki," ukafunga bahasha zote mbili kwenye plastiki moja, ukaziweka kifuani.

Tulifika watu wa zabuni wakitaka kufunga mlango. Karani akaziangalia, akauliza kama zote ni za kampuni moja. "Hapana, hii iko ya mpinzani yangu," ukamwambia. "Weka yake juu, imeteseka tangu asubuhi." Watu walicheka mpaka askari wa mlangoni akachungulia. Mimi sikucheka. Zikafunguliwa, zikasomwa kwa sauti mbele ya wote, hata wamama wa jikoni walikuwa wamesimama dirishani. Papa Maheshe akapata kazi. Bei yake ilikuwa chini, maana hakuwa na bomba wala paa ya foleni.

Bado nasema nilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini ulichofanya baada ya hapo, dada, mimi nisingekiweza.

Tuliporudi, waashi walikuwa wameanza kufunga mizigo. Ukawaambia kesho asubuhi kuna kazi. Kazi gani? Ukabomoa ukuta wa jikoni yetu, ukuta mzima kabisa usio na ufa, ili wawe na kitu cha kujenga. Wakala muhogo wetu, wakajenga. Walipomaliza, ukabomoa wa ghala. Nikakuuliza, "Zawadi, ukibomoa nyumba yote tutalala wapi?" Ukaniambia, "Tutalala mule batakuwa bamejenga." Majirani walisema umepata wazimu. Na mimi nilisema. Lakini hakuna mwashi aliyeondoka, maana nani ataacha ukuta wa bosi wake wazi, mbuzi waingie?

Ghala ilikuwa bado haina mlango Papa Maheshe alipofika, kofia mkononi. Akasimama nje kama anayedaiwa. "Zawadi, sikuja ju ya ile bahasha, nakuapia. Bamama ya jikoni banakatala, habataki nipake rangi. Banasema balisikia bomba ikisomwa mu bahasha yako, bote banaitaka. Mukubwa ya kambi naye anaitaka. Na batu bangu habajui kuijenga."

Ulimkalisha, ukampa bugali na sombe ya majani ya muhogo, ukamwacha ale mpaka mwisho, na mimi nyuma ya mlango nikiwa napasuka. Halafu ukasema, "Batu bangu bote, ao hakuna mutu."

"Bote," akasema.

Wakajenga bomba, wakajenga na paa ya foleni. Baada ya kambi tukaitwa Buleusa kuezeka shule, kisha mahali pengine, na pengine tena, na hakuna tena aliyeulizia habari za machimbo. Siku hizi mimi njo ninayeendesha timu. Napiga kelele nyingi kuliko wewe na najua kidogo kuliko wewe. Ninakukosa kila ninapoandika bei, maana hakuna wa kugombana naye. Nakupenda, na sikukuambia ukiwa hai, kwa sababu ungenicheka.

Ulipofariki hatukutafuta wachimba kaburi. Waashi wako walikataa mtu mwingine asiguse. Walishuka kwa zamu, wakanyoosha kuta za udongo kwa kamba kana kwamba wewe utakuja kukagua. Mimi nilikuwa nimesimama pale juu, kila kichwa kilichozama nikikiita kwa jina. Walipomaliza walivutana mikono, wakatoka mmoja mmoja. Wote walipanda juu, dada. Aliyebaki chini ni wewe peke yako.

Pumzika sasa, na Janvier umsalimie.

Mudogo wako, yule wa kelele