Karata Aliyoitupa Bi Zuhura

Kibokoni, Mombasa

Ndugu yangu Mwana Esha,

Salamu hizi zikukute umeketi barazani, si umelala. Kifua chaendeleaje? Yale mafuta niliyokupelekea yapake, usiyafungie kabatini kama zawadi ya harusi. Mimi nipo. Miguu yauma, mdomo hauumi.

Wauliza mbona nimenyamaza. Sikuwa na la kuandika ila baya.

Wamjua Bi Zuhura, jirani yangu, mwenzangu wa karata tangu nilipoolewa huku. Kila baada ya alasiri twatandika mkeka uani kwangu, mimi na yeye upande mmoja, Bi Amina na wifiye upande wa pili. Nami nikicheza wanijua. Mgongo ukutani, asipite mtu nyuma yangu. Kila karata nalamba kidole. Tukifungwa mara mbili nasimama, nauzunguka mkeka, nageuza leso ndani nje, ndipo niketi tena. Na mwenzangu akikosea simwachi. Wewe mwenyewe hapo Lamu ulikuwa ukilia, ukienda kunisemea kwa mama.

Basi Bi Zuhura akaanza kukosea. Siku hiyo turufu ilikuwa kopa. Nimetupa rea ya shupaza, karata isiyopitwa na shupaza nyingine, tumeshakula, yeye akaipiga kwa kopa kubwa! Turufu nzima kaipoteza bure juu ya karata ya mwenzake!

"We Zuhura, hayo ni macho au vifungo vya kanzu?"

"Nilidhani uru."

"Uru! Hata mbuzi ajua kopa na uru!"

"Bi Khadija, yatosha," akasema Bi Amina.

Ndipo nikazidi kumtukana, hata kukuandikia naona haya. Zuhura akacheka tu. Alipoondoka nikamwona apapasa kizingitini atafuta viatu, na viatu vi mbele ya miguu yake. Nikainama, Esha. Mimi huyu, nikamvalisha.

Tukampeleka kwa daktari wa macho, akasema mishipa ya macho imekufa, hakuna dawa wala kisu. Kumbe mwenyewe alijua tangu kabla ya Ramadhani, akificha asikatazwe kuja kucheza. Tukajaribu nimwambie sikioni alichoshika, lakini mimi sijui kunong'ona, mtaa mzima wasikia. Nikazitoboa karata kwa sindano azijue kwa kugusa. Vidole vyake vimeota sugu kwa kushona kofia, havikuhisi kitu.

Mwanawe aliye Nairobi akaja kumchukua. Nikavaa buibui, nikamshika mkono mpaka Mwembe Tayari kwenye mabasi, nimeazimia kumwomba radhi. Njia nzima namtajia mashimo tu. Mlangoni mwa basi akasimama.

"Khadija, sema basi."

Nikamwambia, "Inua mguu, hapo pana ngazi."

Akainua. Basi likaondoka.

Usinifundishe kumwandikia. Atakayemsomea ni mwanawe, na mimi siombi radhi kwa kinywa cha mtu mwingine. Bi Amina na wifiye bado waja. Twaketi watatu, twanywa kahawa, twatazamana. Nani atacheza upande wangu? Wote wanaujua ulimi wangu.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze tumbaku. Nisalimie shangazi mkubwa, na yule mkweo mwenye makelele. Wajukuu zangu wakubusu mkono.

Na ukijibu, usiniandikie kuwa Zuhura atarudi.

Nduguyo wa tumbo moja,
Khadija